Uliuliza Wale Watu Walitoka Wapi

Mwanangu, marahaba.

Ujumbe wako niliusoma juzi nikitoka kukamua, nikaona si jambo la kukujibu kwa simu ukiwa kwenye daladala huko Dodoma. Uliuliza: "Mama, wale watu wote waliojaa kihambani, kwenye migomba yetu pale nyumbani, siku ya maziko ya Baba walitoka wapi? Alikuwa akiwafanyia nini? Mimi nilimjua kama mtu wa kukata majani, kukamua na kunyamaza." Ukaongeza na la yule mzee aliyesimama akasimulia habari za mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mpaka padri akaanza kutazama saa.

Nianze na huyo mzee, maana kwake ndiko habari yote ilikoanzia.

Kabla hujazaliwa tulikuwa watu wa kahawa kama kila mtu huku Kibosho. Babu yako alipeleka kahawa yake kwenye KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ule wa tangu 1933, na ada za watoto zilitoka humo. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, watu wakaanza kung'oa mibuni. Baba yako hakuthubutu kung'oa miti ya baba yake, ila alisema kahawa inalipa kwa msimu na mtoto anakula kila siku. Tukajiandikisha kwenye kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Kwanza unajenga banda, unapanda majani ya malisho, ya tembo na guatemala, kwenye kingo, wanakuja kukagua, ndipo unapewa mtamba mwenye mimba. Ndama jike wa kwanza si wako. Unamkuza, kisha unamkabidhi kwa familia inayofuata kwenye orodha.

Wengi walilipa wakinung'unika, na wapo waliotoa ndama mbavu nje. Baba yako alimtoa wetu akiwa amenawiri kuliko mama yake, akampeleka kwa yule mzee, wakati huo kijana aliyeoa juzijuzi. Kisha ikawa kila Jumapili baada ya misa lazima apite kule kumtazama. Nilimwuliza, "Umempa ng'ombe au umemwoza binti?" Hakucheka. Mtamba yule alizaa, kizazi chake kikasomesha watoto wa kule, na mmoja wao ni yule mwalimu aliyekuletea kiti siku ya maziko.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi. Wasemaji siku ile wote walisema marehemu alikuwa na moyo wa kujitolea, nami nimekaa pale na kanga yangu kichwani nawasikiliza, nikijua sivyo hasa. Baba yako hakuwa mtu wa watu. Harusini alitafuta kiti karibu na mlango. Mgeni akikaa sana, yeye alikumbuka majani ya kukata.

Ng'ombe ndio waliomfanya awe vile. Ng'ombe wa maziwa anakamuliwa alfajiri na jioni, Krismasi na Pasaka, kuna mvua au kuna msiba. Mwenye ng'ombe halali Dar. Wenzake walikwenda Mererani kutafuta tanzanite, wengine wakafungua maduka Kariakoo, wakawa wanarudi Desemba na magari. Yeye alikuwa hapa. Na mtu aliyepo siku zote ndiye anayeitwa. Banio la mfereji likibomoka usiku wa masika, utamwita aliyeko Kariakoo? Maiti ikisafirishwa kutoka Dar, nani ataonyesha kaburi lichimbwe wapi, nani ana ufunguo wa chumba cha masufuria ya kikundi cha kuzikana? Vile vyeo vilivyosomwa kwenye wasifu wake, kamati ya mfereji, mweka hazina wa kuzikana, kamati ya shule, vilimwangukia hivyo. Hakugombea hata kimoja, na viwili nakumbuka alichaguliwa akiwa hayupo kikaoni kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa.

Kazi ya usiku ndiyo uliyokuwa huioni, maana ulikuwa umelala. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akishazaa, siku moja au mbili baadaye anaweza kuanguka. Kalsiamu ya kwenye damu imekwenda kwenye maziwa. Unamkuta amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi kama jiwe la mtoni. Mwenyewe anadhani kapigwa jicho baya. Asipotibiwa mapema anakufa. Basi mtu anakuja anabisha, baba yako anavaa koti, anamfuata bwana mifugo, wanakwenda. Hakuwa daktari na hakuwahi kujifanya daktari. Kazi yake ilikuwa ni chupa. Aliibeba ile chupa ya kalsiamu kwapani, ndani ya koti, ili ikifika iwe na joto la mwili. Bwana mifugo akishaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo, yeye alisimama ameinua chupa, anaitazama inavyoshuka, maana ikikimbia moyo wa ng'ombe unasimama. Mkono ukichoka anabadilisha. Nilikwenda naye mara moja, kwa jirani wa kule ng'ambo ya korongo. Tulikaa tumenyamaza, taa ya chemli chini, mpaka misuli ya yule ng'ombe ikaanza kutetemeka, akacheua, akatoa kinyesi, akajikusanya akasimama. Mwenye ng'ombe alipiga magoti kwenye samadi. Baba yako akauliza tu kama ndama alipata dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Hapo ndipo watu walipotoka, mwanangu. Kila aliyesimama mgombani siku ile, jaribu kumwuliza, utakuta kuna ng'ombe ndani ya habari yake.

Au kupe. Baba yako na kupe ulikuwa ugomvi wa maisha. Ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, inaletwa na yule kupe wa kahawia anayependa sikio, na kabla homa haijapanda unaweza kuipapasa tezi chini ya sikio imevimba. Kwa hiyo akiingia kwa watu, hata kwenye posa, hajaulizwa hali, mkono wake uko kwenye sikio la ndama. Nilikuwa naona aibu. Lakini wapo waliowahi dawa kwa sababu ya mkono ule, na siku chanjo ya ndigana ilipofika huku yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha ndama, maana bwana mifugo hawezi kufungua chanjo ile kwa ndama mmoja tu.

Usidhani wote walimpenda. Akina mama wa Nronga kule Machame walikuwa na ushirika wao wa maziwa tangu 1988, na sisi huku tukataka kukusanya pamoja. Ikahitajika mtu wa kupima kila asubuhi. Unajua aliyechaguliwa. Kipimo kile kinachoelea kwenye maziwa kikizama kupita alama, maziwa yana maji. Siku moja kikazama kwenye ndoo ya shangazi yako, dada yake wa tumbo moja. Akazirudisha ndoo zote mbili mbele ya watu. Shangazi akasema mvua iliingia njiani. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka magotini! Hawakusemezana mpaka kipaimara chako, na pale ilibidi mimi niwakalishe meza moja kwa nguvu. Yule ndiye aliyelia kuliko wote kaburini, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

Mfereji sina mengi ya kusema, uliuchimba mwenyewe kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukiwa na jembe kubwa kuliko wewe. Yeye alishika daftari la zamu. Asiyekuja msaragambo alilipa faini, na wa kwanza kulipishwa alikuwa kaka yako mkubwa. Walipoambiwa mifereji iwe na kibali cha maji, yeye ndiye aliyeshuka mjini kwenye ofisi za Bonde la Pangani na bahasha yake, akarudi, akashuka tena.

Na mimi? Hili hukuliuliza lakini nitalisema. Alipokuwa ameinua chupa kwa jirani, wa kwetu alikamuliwa na nani? Majani ya jioni yalikatwa na nani? Nilibeba mimi kichwani mzigo wa mabua ya mahindi kutoka tambarare, na nilipika uji wa waliokuja kumwita. Wasifu haukusema hivyo kwa sababu uliandikwa na baba zako wadogo. Sikasiriki. Ila ukimsimulia mwanao habari za babu yake, weka na hilo.

Kuhusu kuuza ng'ombe, kama mnavyopendekeza wewe na dada yako. Yule mweusi mzee nitamwuza, kiwele chake kimeshaharibika upande mmoja na hanilipi pumba na mashudu anayokula. Mtamba simwuzi. Amepandishwa kwa mrija, mbegu ya kuletwa bila dume, mimba imeshika, na migomba bila samadi ya banda itabaki vijiti. Kijana wa yule mzee wa mtamba amekubali kukata majani kwa malipo ya maziwa ya jioni, kwa hiyo acheni kunitafutia mfanyakazi kutoka huko.

Kamati ya mfereji wamekuja wanataka daftari. Nimewapa. Wakaniuliza kama mmoja wenu atashika nafasi ya baba yake, nikawaambia ninyi mnaishi Dodoma na Mwanza, watafute mwenye ng'ombe.

Mtamba nategemea azae mwishoni mwa mwezi wa kumi. Ukipata likizo, iombe kuanzia hapo, na upite Moshi mjini dukani uninunulie chupa mbili za kalsiamu. Ile iliyobaki kabatini muda wake umeisha.

Mama yako