Santuri zinachoma masikio: nibadilishe priampu ya fono?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia santuri zaidi ya mia mbili, nyingi za muziki wa dansi, na tano nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilizokuwa za bibi. Nimenunua pleya ya santuri inayozungushwa kwa mkanda, yenye katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ya AT-VM95E. Amplifaya yangu ni ya zamani na haina tundu la fono, hivyo katikati nimeweka kisanduku kidogo cha priampu ya fono kinachotumia adapta ya volti 12. Kisanduku kiko kabatini pamoja na amplifaya, na pleya iko mbali kidogo, kwa hiyo nimevuta waya wa mita mbili. Sauti hainifurahishi: “s” na “sh” za waimbaji zinachoma masikio, besi ni nyembamba, na kuna mvumo hata kabla sindano haijashuka. Jirani anasema ning'oe IC (chipu ya kukuza sauti) ya 4558 niweke OPA2134. Mwingine anasema nitupe kisanduku, ninunue cha laki tano. Nimsikilize nani? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Laki tano ibaki mfukoni kwanza, na chuma cha kulehemu kisipate moto bado. Umelalamikia mambo matatu, kila moja lina chanzo chake, na IC ya jirani haigusi hata kimoja.

Nianze na kazi ya hicho kisanduku, maana bila kuijua tutabadilisha vitu gizani. Santuri haichongwi kwa sauti kama inavyotoka kwa mwimbaji. Besi ikichongwa kwa nguvu zake zote, mfereji utayumba hadi uvamie wa jirani yake, kwa hiyo hupunguzwa. Trebo nayo huinuliwa ili ishinde mchakacho wa sahani yenyewe. Kipimo kinachofuatwa ni RIAA, kilichowekwa Marekani mwaka 1954 na kisha kikafuatwa dunia nzima. Priampu ya fono inageuza kinyume: kwenye hezi 20 inainua desibeli 19 na ushei kulinganisha na hezi 1,000, na kwenye hezi 20,000 inashusha karibu 20. Juu ya hapo inazikuza milivolti 4 za katriji yako kama mara mia, zifike volti 0.4. CD hutoa kama volti 2, kwa hiyo usishangae ukilazimika kufungua sauti zaidi unapocheza santuri. Huo si ugonjwa.

Kabla hujafungua chochote, chungulia nyuma ya pleya. Nyingi za siku hizi zina priampu ndani na kiswichi cha PHONO na LINE. Kikiwa kwenye LINE, na wewe umeunga kisanduku nje, sauti inapita priampu mbili: besi inavimba na kila kitu kinakwaruza. Dalili zako si hizo, ila kukiangalia ni bure. Kisha pima uzito wa sindano. Hii inataka gramu 2.0, na mizani ndogo ya sonara inatosha kabisa. Sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini na hutema “s” kama mate. Tena mtengenezaji anaipa ncha ya aina hiyo saa 300 hivi. Ukisikiliza saa mbili kila siku, baada ya miezi mitano umezimaliza.

Tuseme uzito uko sawa na sindano ni mpya. Basi mshukiwa wangu mkubwa ni waya wako wa mita mbili.

Ndani ya katriji kuna koili ya milihenri 550. Waya wowote wa sauti una kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji kidogo ya umeme, na ule wa kawaida hubeba kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Vikikutana, koili na kapasitansi vinakuwa kama bembea: kuna mwendo mmoja wanaoupenda, na hapo ukisukuma kidogo tu bembea inapaa. Visanduku vya aina yako nimefungua vingi. Nyuma ya matundu ya kuingizia sauti, mara nyingi utakuta kapasita mbili ndogo za udongo, rangi ya kahawia, zimeandikwa 221. Maana yake pikofaradi 220. Sasa jumlisha: 220 za kisanduku, 200 za waya wako, 30 hivi za nyaya nyembamba za mkono wa pleya. Umefika 450, na Audio-Technica wanaitakia katriji hii kati ya 100 na 200 tu.

Ukiwa na 200, bembea inapaa kwenye kilohezi 15, juu sana, na kilima chake hakifiki hata desibeli moja. Ukiwa na 450 inashuka hadi kilohezi 10, na kwa hesabu ya karatasi kilima kinafika desibeli 3, kilele kikiwa karibu na kilohezi 8 na nusu. Hapo ndipo “s” na “sh” zinapokaa. Waimbaji wa baba yako hawana kosa, na wala IC haina.

Dawa ya kwanza haina gharama. Hamisha kisanduku kikae ubavuni mwa pleya, unga kwa waya mfupi wa nusu mita, halafu ule mrefu utoke kisandukuni kwenda kwenye amplifaya. Baada ya priampu urefu hauumi, kwa sababu sauti ikishakuzwa inatoka kwa nguvu na kapasitansi ya waya haiisumbui. Hapo jumla imeshuka hadi 300 na tofauti utaisikia jioni hiyohiyo. Ukitaka kumaliza kazi, fungua kisanduku, toa hizo 221 na uweke 101, yaani pikofaradi 100, pande zote mbili. Jumla 180. Usitoe upande mmoja ukasahau mwingine, nimeshaletewa kazi hiyo: mteja alikuwa na hakika sikio lake la kushoto limezeeka.

Besi nyembamba inatoka kwingine, na hapa kisanduku chako kinaweza kuwa na hatia kweli. Karibu na IC tafuta rezista ndogo inayokwenda kwenye ardhi ya saketi (GND) kupitia kapasita ya kopo. Kwenye vile vya bei rahisi nimekuta rezista ya omu 390 na kapasita ya mikrofaradi 10. Hizo mbili kwa pamoja zinaanza kuikata besi kwenye hezi 41, na nyuzi za chini kabisa za gitaa la besi ziko hapohapo. Mtengenezaji alibana senti kwenye kapasita. Weka ya mikrofaradi 47, volti 16 au 25, ukiangalia upande wa hasi usiugeuze: kikomo kinashuka hadi hezi 9 na besi inarudi na mwili wake. Kuna watakaokuambia weka 220, kubwa ni bora. Mimi sikubali, hasa kwa santuri zilizokaa miaka kwenye joto la pwani. Sahani iliyojikunja inatoa mawimbi ya chini sana yasiyosikika, lakini utaona koni ya spika inacheza ndani na nje kama shavu la chura, na amplifaya inamaliza nguvu zake huko bure.

Mvumo sasa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye hezi 50 priampu ya fono inainua desibeli 17 kulinganisha na hezi 1,000. Kwa hiyo kauchafu ka umeme kanakoingia kwenye waya wa katriji kanatoka nyumba nzima. Fanya hivi: inua sindano, fungua sauti kama kawaida, kisha chomoa nyaya za pleya kwenye kisanduku. Mvumo ukibaki, unatoka kwenye kisanduku au adapta. Jaribu adapta nyingine iliyo na regileta, volti zilezile na ncha ya chanya upande uleule. Ukiisha, unatoka kwenye pleya. Angalia ule waya mwembamba wa ethi kama umefungwa vizuri kwenye skrubu ya GND ya kisanduku, si ya amplifaya wala kuachwa unaning'inia. Halafu sogeza pleya mbali na transfoma ya amplifaya, maana katriji inaihisi kama antena. Mvumo ukibadilika unapozungusha pleya mahali pake, umemkamata.

Na kwa kuwa uko Tanga, usiniache bila kuangalia vile vipini vinne vidogo nyuma ya katriji. Hewa ya chumvi huvivika ukungu wa kijani. Chomoa kimoja kimoja kwa kibano, usivute waya, futa kwa spiriti na urudishe rangi kwa rangi. Nusu ya mivumo ninayoletewa kutoka pwani inaishia hapo na mteja analipa nauli tu.

Kuhusu jirani yako: OPA2134 ni IC nzuri, na miguu yake minane inalingana na ya 4558. Lakini kwa katriji ya aina yako mchakacho wa sahani unafunika kelele za IC zote mbili, na za bandia madukani ni nyingi. Isitoshe, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa bei rahisi, ukiipasha joto sekunde mbili zaidi, nyayo za shaba zinang'oka nayo. Hilo nimelitenda kwa mikono yangu, na mteja nilimlipa. Kama baada ya yote haya bado una hamu ya kisanduku kipya, nunua kinachokuwezesha kuchagua kapasitansi, chenye boksi la chuma na mkengeuko wa RIAA usiozidi nusu desibeli. Maneno ya dhahabu kwenye matundu yasikuvute.

Zile tano za bibi ziweke kando kwanza. Kama ni za umri wa zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, hazijui RIAA kabisa, ilikuwa haijazaliwa. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano yako inazama chini kabisa na kuzoa vumbi na mikwaruzo. Zinataka ncha nene, na katika ukoo huohuo wa VM95 kuna ya 78, ile yenye herufi SP. Angalia pia kama pleya yako ina mwendo huo, nyingi zinaishia 45. Ukizicheza, bonyeza mono kwenye amplifaya, mchakacho mwingi utapotea, na uongeze trebo kidogo, kwa sababu priampu itaikata trebo ambayo studio za wakati ule haziku­iongeza.

Anza na waya na vipini, usikilize wiki moja. Ukifika kwenye kapasita ya besi, niandikie namba ya rezista uliyoikuta kando yake kabla hujaichomoa. Si lazima iwe 390, na ikiwa nyingine, hesabu yangu ya 47 inabadilika.