Kwa nini niliacha kuwafundisha ufunguzi wa London watoto wanaoanza chesi

Kila Jumamosi nakaa barazani na watoto tisa kumi hivi, bodi nne, na swali ambalo kila mtu anayetaka kufundisha ananiuliza ni hilohilo, nianze na ufunguzi gani, yaani zile hatua za mwanzo za mchezo. Mi nilikosea karibu mwaka mzima ndo nikapata jibu.

Nilianza na London. Unasogeza askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba kwenye bodi), askofu f4, askari e3 na c3, kete zinakaa palepale hata mpinzani afanye nini. Nikajua nimepata mteremko, mtoto hakariri mengi. Kumbe ubovu wake ndo huohuo, walikuwa wanapanga kete kama wanapanga vyombo kabatini, mpinzani hawamwangalii kabisa. Kuna siku binti mmoja kacheza na mgeni, mgeni kaleta c5 halafu malkia b6, anamtolea macho askari wa b2 ambaye askofu kashamwacha peke yake, binti hana habari, anasogeza c3 yake kwa raha zake. Askari kaliwa, ngome ikafuata, mtoto kalia.

Sasa hivi naanza na ya Kiitaliano: e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4. Ina zaidi ya miaka 400 na bado inachezwa. Hatua ya nne tu mfalme wako anaweza kujificha kwa ngome, na yule askofu wa c4 anaikodolea f7, ambapo pale mwanzoni hapalindwi na mtu isipokuwa mfalme mwenyewe. Mtoto anaona kwa macho yake kwa nini kete iko pale, na akikosea anaumia hapohapo, hasubiri hatua ya thelathini.

Ila kabla ya yote wafundishe kuzuia ile chekmeti ya hatua nne, maana kuna kaka mtu nyumbani anawafunga nayo kila siku. Malkia akija h5, toa farasi c6, askofu akija c4 sukuma g6, malkia akirudi f3 weka farasi f6, basi, kaka mtu kaishiwa.

Halafu hawa wa kwetu wengi wametokea kwenye drafti ya vizibo, wanadhani kula ni lazima! Utaona mtoto anakula kitu na malkia wake anabaki nje. Hapa ile mbinu ya maini ya kukaanga (jina hilo wanalicheka mpaka basi) inasaidia sana: kwenye hiyohiyo ya Kiitaliano, nyeusi katoa farasi f6, farasi wako anaruka g5, yeye d5, unakula, naye akila na farasi tu, wako anajitoa mhanga f7 na mfalme anaburutwa mpaka katikati. Dawa yake ni kutokula, farasi wa c6 aende a5 amguse askofu. Wakishaelewa hilo, ugonjwa wa drafti unapungua.

Kwa nyeusi sina maneno mengi, e4 jibu e5, d4 jibu d5. Sisilia (e4 jibu c5) mi mwenyewe naipenda lakini kwa mtoto mwenye miezi mitatu ya chesi ni kumtesa bure. Na usivuke hatua ya tano kukaririsha, waache wacheze, ila kila mara waulize, "mwenzako anataka nini?"

London bado nawapa watu wazima wanaokuja jioni wamechoka na kazi, na wanaipenda kweli.