Barua kwa Binti Yangu Aliyetumwa kwa Mshauri Nasaha

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unaniuliza, "Baba, mimi naumwa vidole na magoti, mbona daktari ananipeleka kwa mshauri nasaha? Au anadhani maumivu haya nimeyabuni?" Swali kama hilo halifai kujibiwa kwa simu nikiwa ndani ya matatu, kwa hiyo nimeketi nikuandikie.

La, hadhani hivyo. Baridi yabisi haibuniwi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando wa viungo na kuushambulia, navyo viungo huvimba na kukakamaa, hasa asubuhi. Daktari amekupima damu, ameona majibu, na hana sababu ya kukushuku. Anachokijua ni kwamba ugonjwa wa kudumu humwingia mtu hata mahali ambapo vidonge havifiki.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Ninyi nyote mnajua kwamba nina kisukari, lakini hamjui kwamba kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikiandika uongo katika daftari langu la sukari. Nikiwa kazini, harusini au matangani, niliiruka sindano ya insulini kwa kuwa sikutaka mtu anione nikijidunga. Kisha usiku wa kuamkia kliniki nilijaza 6 na 7, namba za sukari iliyotulia, kwenye siku ambazo sikupima kabisa, nikibadilisha kalamu ili wino usifanane. Damu haikukubali kudanganya pamoja nami. Kile kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa takriban miezi 3 kilitoa asilimia 11, nami nilitakiwa niwe karibu na 7. Daktari hakunikaripia, ila alinielekeza kwenye chumba kilichokuwa mwisho wa ujia.

Humo nilimkuta mama wa makamo, ambaye alilipitia daftari kimya, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaniuliza, "Mzee, haya ulikuwa ukimwandikia nani?" Nilishindwa kumjibu. Nililia, mwanangu, mimi ambaye hukuniona nikitoa chozi hata siku tulipomzika babu yako. Niliyoyasema baadaye hayakuhusu sukari: niliogopa kukatwa mguu kama ami yako, na niliona aibu kuwa mzigo kwa watoto ambao bado nilikuwa nikiwalipia karo. Nyumbani nisingeweza kuyatamka, kwa sababu nanyi mlikuwa na hofu yenu. Ndugu akiisikia hofu yako hulemewa nayo, ukajikuta wewe mgonjwa ndiwe unayembembeleza. Mshauri hukusikiliza bila kukuongezea kazi hiyo.

Wala hakunipa mawaidha, jambo lililonishangaza. Tulichunguza pamoja ni wapi kazini ningeweza kujidunga bila wasiwasi, na ni nani wa kwanza kuambiwa. Tukaanza na mtu mmoja tu, mlinzi wa lango. Nilikwenda mara 8. Kufikia ya tano daftari lilikuwa na namba mbaya nyingi, zote za kweli.

Nchi yetu haikuanza jana kulijua jambo hili. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa ushauri pamoja na dawa, kwa kuwa dawa ya maisha haimezwi kwa miaka na mtu aliyekata tamaa.

Huenda ukapewa karatasi yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya chakula, majonzi, hata fikira za kutaka kufa. Jibu kwa ukweli, hasa hilo la mwisho. Ila mweleze mshauri kwamba baridi yabisi yenyewe huleta uchovu na kukatiza usingizi, ili apambanue kipi ni cha viungo na kipi ni cha huzuni. Utakayomwambia ni siri, isipokuwa akiona maisha yako au ya mwingine yamo hatarini. Mwombe akueleze mipaka hiyo mapema. Usione haya kumuuliza kama amesajiliwa, maana Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Ukiona baada ya mara tatu au nne kwamba hamwelewani, omba mwingine. Hilo si utovu wa adabu. Lakini yeyote akikuambia uache dawa za daktari kwa sababu ya mazungumzo yenu, ondoka siku hiyo hiyo.

Nijulishe tarehe uliyopewa. Nitapanda matatu ya alfajiri kuja Nakuru, tutakwenda sote, nami nitakungoja kwenye benchi la nje. Ukitoka tutatafuta chai, na sitakuuliza mlizungumza nini.

Ni mimi babako