Masikio Mazima, Mbona Neno Humpotea?

Swali: Mwanangu wa miaka 6 amepimwa masikio na kuonekana mzima, lakini nikimwagiza kalamu huniletea kalenda. Je, ni ukaidi?

Jibu: Huenda si ukaidi, mzazi mwenzangu. Sote tusikiapo "kal-", akili huyaamsha maneno yote mawili kwa pamoja, kisha sauti inayofuata hulizima moja papo hapo. Kwa watoto wengi wenye tatizo la ukuaji wa lugha (ugumu wa kudumu wa kuelewa au kutumia lugha), linalowapata takriban watoto 7 katika kila 100, neno lisilokusudiwa huchelewa kuzimika, na sentensi (ambayo haimngoji mtu) huwa imeshasonga mbele. Sema polepole huku ukimwonyesha kalamu yenyewe, na umpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha aangalie kama ana tatizo hilo.