Usiache ngano kabla ya kupima siliaki

Kama kila ukila chapati tumbo linajaa na kuharisha, damu haipandi hata umeze vidonge vya madini ya chuma, na vipimo vya minyoo na kichocho havionyeshi kitu, muulize daktari kuhusu ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huuharibu utumbo mtu akila ngano. Huku kwetu ziwani kichocho hufikiriwa kwanza, na ni sawa, maana kipo kweli. Mimi nilitibiwa hivyo kwa muda mrefu, mpaka daktari mmoja alipoagiza kipimo cha kingamwili.

Nawasihi sana: msiache ngano kabla ya kipimo hicho. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati bado unakula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ukiacha mapema zinapungua, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa wakati unao.

Ndani ya utumbo mambo huenda hivi. Gluteni haimeng'enywi yote. Vipande vyake hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, na huko kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi huvibadilisha kidogo. Kwa mtu aliyerithi vinasaba vya DQ2 au DQ8, vipande hivyo huonyeshwa kwa seli T za kinga, nazo huviona ni adui. Uvimbe unaanza. Kingamwili zinatengenezwa, tena dhidi ya kimeng'enya cha mwili wenyewe, na seli nyingine za kinga zinaua utando wa utumbo. Vinyweleo vinavyofyonza chakula, vilivyosimama kama nyuzi za zulia, vinafupika hadi ukuta unabaki bapa. Madini ya chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo huo, sehemu inayoumia zaidi, ndiyo maana vidonge havikusaidii. Lakini vinasaba peke yake si ugonjwa. Wengi wanavyo na hawaumwi kamwe.

Seli T hizo zina kumbukumbu. Hata ukishakutwa na ugonjwa na ukakaa miaka bila ngano, zipo. Kwa hiyo shangazi akikubembeleza, "Onja kidogo tu mwanangu, hakidhuru," mshukuru kwa upendo wake, kisha kataa.

Kanda ya Ziwa tuna bahati kubwa kwenye chakula: ugali wa mahindi, wa muhogo au wa mtama, wali, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), dagaa, sato. Hatari iko kwenye matayarisho. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huwa namuuliza mama anayekaanga, "Mama, samaki umempaka unga? Mafuta haya yamepita maandazi?" Akisema ndiyo, naomba sato wa kuchemsha, chumvi na ndimu, na mara nyingi ndiye mtamu zaidi. Unga wa lishe siununui sokoni, kwa sababu wengi huchanganya ngano humo. Nanunua ulezi, nauchambua mwenyewe, na mashineni naomba kusagiwa baada ya mahindi, si baada ya ngano. Bia za shayiri nazo ziache.

Ndugu wa tumbo moja na watoto wako wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine, hata wasipolalamika tumbo. Wapelekeni wapimwe, na ombeni kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho hutegemea, kiangaliwe pia, kwani aliyezaliwa na upungufu wake kipimo cha kawaida kinaweza kumpita.