Jibu: Sheria ilikuwepo, mbona gereza la Dublin likaharibika?

Ndugu, umeuliza kwa nini unyanyasaji wa kingono ulitokea gereza la wanawake la Dublin, California, wakati Marekani ina sheria ya kuuzuia, PREA, tangu 2003. Jibu langu fupi: nani anamkagua nani?

Chini ya PREA kila gereza hukaguliwa mara moja kwa miaka mitatu. Lakini mkaguzi huajiriwa na mamlaka inayokaguliwa, na tarehe ya ukaguzi inajulikana mapema. Kuta zinapakwa rangi, mabango ya "toa taarifa" yanabandikwa, mambo yanaenda. Pale Dublin mkuu wa gereza, Ray Garcia, ndiye aliyekuwa akifundisha wafanyakazi kuhusu PREA. Machi 2023 alifungwa miezi 70 kwa kuwanyanyasa wafungwa. Kasisi wa gereza naye alifungwa miaka saba. Sasa mfungwa angemshtakia nani, na barua yake ingepita mikononi mwa nani?

Mwaka 2024 jaji aliteua msimamizi maalumu kutoka nje. Wiki chache baadaye serikali ikalifunga gereza na kuwatawanya wanawake magereza mengine, jambo ambalo mimi naliona ni kukwepa macho.

Julai mwaka huohuo ilisainiwa sheria mpya ya usimamizi wa magereza ya shirikisho, yaani ya serikali kuu kama lilivyokuwa la Dublin: Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria akague kwa kuangalia hatari ilipo, na awepo mpokea malalamiko asiye chini ya magereza. Swali langu kwako ni bajeti: bila fedha, ataingia getini nani?