Mkaguzi wa FEMA haamui malipo

Pole sana dada kwa mafuriko. Umeuliza kama mkaguzi wa FEMA (shirika la serikali ya Marekani linalosaidia watu baada ya majanga) anayekuja kesho ndiye atakayeamua ulipwe kiasi gani. Hapana. Niliifanya kazi hiyo North Carolina baada ya kimbunga Helene, mwaka 2024. Sisi tunaandika tulichokiona tu: paa, kuta, umeme, maji, mfumo wa joto, vyombo muhimu. Uamuzi unatoka ofisini, kwa barua.

Usimsubiri ndipo uondoe tope, ukungu utakuumiza wewe na watoto. Piga picha kwanza, tunza risiti, kisha safisha. Mwonyeshe kila kitu, hata kile unachoona aibu kukisema. Nilikutana na bibi mmoja aliyekuwa akilala kwenye gari, naye akanijibu "sijambo, mwanangu" tu. Ilibidi nikae naye ndipo aseme.

Mkaguzi wa kweli ana kitambulisho chenye picha, hadai hata senti wala hakuulizi akaunti ya benki. Akidai, mfungie mlango. Ukinyimwa, una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Kata, dada.